Ukubwa wa Kundi la Watazama Ndege Usiamuliwe na Viti vya Gari

Mkazi wa Arusha au Moshi anayependa kutazama ndege anaishi mahali ambapo nyika kavu na msitu wa mlimani vimekaa ubavu kwa ubavu. Akitoka Arusha alfajiri kwa barabara ya Namanga, baada ya takriban saa moja anakuwa katika uwanda wa Engikaret, wenye majani mafupi, miiba na vumbi la majivu ya kale ya volkano, huku Mlima Meru ukiwa nyuma yake. Na alasiri ya siku hiyohiyo anaweza kuwa chini ya miti mirefu ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, akisikiliza ndege ambao uwandani kule hawaonekani kabisa. Mkazi wa Moshi naye, akishuka hadi Same, anaikuta Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi upande mmoja na Milima ya Upare upande wa pili. Safari za makundi zinazounganisha ukavu na mlima kwa namna hii ndizo shule bora ya ndege tuliyo nayo katika miji yetu miwili. Tatizo ni kwamba zinapangwa kwa kuanzia gari: viti ni vingapi, vimelipiwa vingapi, na nani amebaki barabarani. Idadi ya watu inayofaa uwandani inaharibu kila kitu msituni, na mpangaji asiyeligundua hilo huwarudisha watu mjini wakidhani kwamba msitu hauna ndege.

Ukavu huo una sababu yake. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, na zinapogonga milima hulazimika kupanda, kupoa na kumwaga mvua upande wa kusini na kusini-mashariki, zikivuka upande wa pili zikiwa zimebakiwa na unyevu kidogo. Ndiyo maana miteremko ya Kilimanjaro inayoelekea Moshi ina migomba, kahawa na msitu mnene, ilhali ile inayotazama Amboseli ni mikavu. Ndiyo maana Meru huinyeshea Arusha na kuinyima Engikaret, na Upare pamoja na Usambara huinyima Mkomazi. Tanzania haina jangwa halisi, lakini Mkomazi ni sehemu ya ncha ya kusini ya ukanda mkavu unaoshuka kutoka Somalia kupitia mashariki mwa Kenya, na wanyama wake wanalithibitisha hilo: choroa, swala twiga, na yule kanga mwenye kifua cha buluu na kichwa kitupu kama cha tumbusi. Mlima wenye unyevu uliosimama juu ya nchi kavu huwavuta watazama ndege popote ulipo. Huko Marekani, katika hifadhi ya Big Bend jimboni Texas, watu huvuka Jangwa la Chihuahua ili wapande Milima ya Chisos wakimtafuta ndege mdogo wa kijivu, Leiothlypis crissalis, ambaye nchini humo huzaliana hapo. Wao huenda mbali kuupata mkutano huo wa ukavu na msitu, nasi tunaupita kila tunaposafiri kwenda Namanga au Tanga.

Ndege anayewapeleka watu wengi Engikaret ni mdogo, wa rangi ya udongo, na hana pambo lolote la kumfanya mpita njia asimamishe gari. Ni kipozamataza wa Beesley. Alielezwa kisayansi mwaka 1966, na kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa tawi tu la kipozamataza anayeishi kusini mwa Afrika, hadi orodha za kimataifa zilipompa hadhi ya spishi kamili, Chersomanes beesleyi. Duniani kote anajulikana katika nyanda hizi za majani mafupi tu, kaskazini mwa Meru na magharibi mwa Kilimanjaro. Ndugu zake wa karibu wako Botswana, Namibia na Afrika Kusini, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, na katikati imetanda misitu ya miombo isiyowafaa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba katika vipindi vya kale ambavyo hali ya hewa ilikuwa kavu zaidi, ukanda wa nyika uliunganisha kusini-magharibi na kaskazini-mashariki mwa bara hili. Mvua iliporejea miombo ikaukata ukanda huo, na viumbe wa nyika wakabaki pande mbili wasiweze kukutana tena. Bweha mwenye masikio makubwa na digidigi nao wamegawanyika hivyohivyo. Kwa maneno mengine, mtu anayemwona ndege huyu akikimbia kati ya mawe anaona masalio ya nchi iliyokuwa mkondo mmoja wa ukavu kutoka Namibia hadi Longido.

Kipozamataza huyu anataka majani mafupi sana, na wanaoyafanya yawe mafupi leo, kwa sehemu kubwa, ni ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Wamaasai. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa katika mazungumzo yetu ya uhifadhi mifugo hutajwa karibu kila mara kama adui. Engikaret mfugaji anaishi juu ya uwanda huohuo na ndege huyohuyo, na kinachotishia zaidi ni ardhi ya malisho kugeuzwa shamba. Kundi linalokwenda huko bila kijana wa eneo hilo wa kuliongoza, na bila kumlipa sawasawa, limekosa adabu na limekosa akili pia, kwa sababu yeye ndiye ajuaye ndege wamehamia upande gani baada ya mvua ya juzi.

Sasa tuangalie jinsi kundi linavyofanya kazi uwandani. Ndege wa nchi wazi hawajifichi nyuma ya majani. Hujificha kwa rangi na kwa umbali. Kipozamataza anapohisi mtu huwa hapendi kuruka, hukimbia hatua kadhaa, husimama, kisha hupotea machoni akiwa palepale wazi. Firigogo hulala chini hadi unapokaribia kumkanyaga. Tandawala husimama mbali, shingo ameinyosha, akakufanya udhani ni kijiti. Mahali kama hapo macho mengi ni mali. Watu kumi na wawili au hata kumi na watano wakitembea taratibu katika njia za mifugo, wakiachana kwa hatua kadhaa, kila mmoja akipewa kipande chake cha uwanda cha kukagua, wataona zaidi ya mtaalamu mmoja mwenye darubini ya bei kubwa. Teleskopu moja iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu inawatosha wote, kwa kuwa ndege aliyepatikana mbali haogopi foleni ya watu wanaochungulia kwa zamu. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kushika darubini, huo ndio mwanzo mzuri kuliko wote. Sharti ni moja tu, nalo halina mjadala: ndege hawa wanataga chini, kwa hiyo gari libaki kwenye njia, na katika msimu wa viota watu wasitawanyike nje ya njia za ng'ombe hata kama picha ingekuwa nzuri kiasi gani.

Msituni mambo yanageuka. Kijia katika msitu wa Meru hupitisha mtu mmoja mmoja, kwa hiyo watu kumi na watano ni mstari mrefu. Kiongozi akimwona ndege na kunyoosha kidole, habari humfikia mtu wa kumi ndege akiwa ameshaondoka, na wa kumi na tano anafika kuuliza walikuwa wanatazama nini. Zaidi ya hapo, msitu hutazamwa kwa masikio kwanza. Hondohondo mkubwa mwenye mashavu ya rangi ya fedha hujitangaza mwenyewe kwa kelele za sauti na mabawa, naye hahitaji utulivu wa mtu. Lakini yule ndege wa kijani ambaye wekundu wa mabawa yake huonekana anaporuka tu, Tauraco hartlaubi, husikika kwa mbali kabla hajaonekana, na wale wadogo wanaopita kwa makundi mchanganyiko, shorewanda wa msituni pamoja na wala-wadudu wa aina nyingi, hutambulika kwa mlio mwembamba unaofunikwa hata na mfuko wa plastiki wa karanga. Kundi mchanganyiko la namna hiyo linaweza kupita juu ya vichwa vya watu kwa dakika chache, kisha msitu ukakaa kimya kwa muda mrefu. Asiyekuwa tayari katika dakika hizo hana pa kulidai tena. Kwa maoni yangu watu sita pamoja na kiongozi ndio mwisho, na nimeona wanne wakipata zaidi ya sita.

Hapa ndipo uchumi wa gari unapoingia. Mgeni kutoka nje mara nyingi huja na mwenzake au wenzake wawili, wakakodi gari lao na mwongozaji wao, na kwa bahati tu idadi yao huwa inafaa msituni. Kundi la wenyeji halina nafasi hiyo. Kiingilio cha hifadhi kwa raia hulipwa kwa shilingi na kwa kiwango kilicho chini sana ya kile cha wageni, hivyo mzigo mkubwa unabaki kuwa usafiri, na njia ya wazi ya kuupunguza ni kukodi kosta na kuijaza. Silaumu hesabu hiyo. Bila yake wengi wasingetoka kabisa. Ninacholaumu ni kosta nzima kuingia msituni kwa pamoja kwa sababu tu imekuja pamoja. Kundi lililopanda gari moja halilazimiki kutembea njia moja.

Hifadhi ya Arusha yenyewe inatoa suluhisho. Maziwa ya Momella ni ya magadi, yako wazi, na ndege wake, heroe wakiwamo, hutazamwa kutoka ukingoni na watu wengi kwa wakati mmoja bila kumsumbua yeyote. Nusu ya kundi ikiingia msituni na askari wa hifadhi, ambaye kwa vyovyote ni lazima kwa wanaotembea kwa miguu kwa sababu ya nyati, nusu nyingine inaweza kubaki maziwani ikihesabu bata na vitwitwi, kisha zamu zikabadilishana. Hesabu ya ndege wa majini ni kazi halisi, yenye thamani, na inahitaji watu wengi kama uwanda unavyohitaji: mmoja anahesabu, mmoja anaandika, wa tatu anahakiki. Wapangaji wengi huyatumia maziwa hayo kama mahali pa kula chakula cha mchana. Ni matumizi mabaya ya watu ishirini wenye macho mazima.

Mkomazi inadai mpango mwingine kabisa. Lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 2008; ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 3,200, na ndege waliorekodiwa humo wanazidi spishi 400. Huko sehemu kubwa ya kutazama hufanyika ndani ya gari, na gari lina kanuni zake: upande wa kushoto huona ndege wa kushoto, dereva huona wa mbele, aliyekaa katikati huona mabega ya wenzake. Magari mawili madogo yenye watu watano watano, yakifuata barabara tofauti asubuhi na kukutana saa nne jua linapokuwa kali na hewa inapoanza kucheza juu ya ardhi, yataleta orodha mbili zinazoweza kulinganishwa. Gari moja kubwa litaleta orodha moja na malalamiko. Baada ya saa nne nyika hunyamaza, na ni upumbavu kuendelea kuzunguka kwa ajili ya kufidia kiingilio. Huo ndio wakati wa kuondoka kuelekea mlimani.

Mlima wenyewe, kwa aliyetoka Mkomazi, ni Upare Kusini, na msitu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, inayofika kwenye kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Humo anaishi kinengenenge ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, Zosterops winifredae, aliyepewa jina la Winifred Moreau, mke wa Reginald Moreau, mtafiti wa ndege aliyefanya kazi Amani katika Usambara. Ni ndege mdogo wa kijani na manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, na jamaa yake wa Kilimanjaro na Meru ni spishi nyingine. Milima hii ni visiwa, na nyika kavu iliyo chini yake ndiyo bahari inayovitenga. Mtu anaweza kulisoma jambo hilo kitabuni na kulisahau. Akivuka Mkomazi asubuhi katika joto na vumbi, kisha jioni akavaa sweta chini ya ukungu wa Chome akimtazama kinengenenge ambaye hawezi kushuka na kuuvuka ule ukavu, anaelewa kwa mwili wake kwa nini mlima mmoja una ndege wake na mlima wa jirani una wake. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba nyika na mlima vitembelewe katika safari moja, hata kama ni lazima kulala usiku mmoja Same au huko juu milimani. Safari ya nyika peke yake, au ya msitu peke yake, huleta majina tu.

Pingamizi zito dhidi ya makundi madogo ni kwamba yanaufanya utazamaji wa ndege kuwa jambo la wachache. Nalikubali kwa sehemu. Walimu wanaoleta wanafunzi arobaini hawawezi kuambiwa waje sita sita. Lakini hakuna sababu ya wanafunzi hao kuanzia msituni, mahali pagumu kuliko pote, ambako watarudi na kumbukumbu ya tope na visogo vya wenzao. Waanzie uwandani au ziwani, ambako idadi yao ni nguvu, na wale kumi waliokolea waje msituni baadaye. Wataalamu wa kuwaongoza wapo: Moshi ina Chuo cha Mweka kilichoanzishwa mwaka 1963 kufundisha usimamizi wa wanyamapori, na Arusha imejaa waongoza watalii wanaowajua ndege kwa sauti, ambao katika miezi ya mvua kubwa ya masika hukaa mjini bila wageni. (Kuhusu wale wanaocheza sauti za ndege kwa simu ili kumtoa ndege mafichoni, maoni yangu ni mafupi: katika sehemu zinazotembelewa kila wiki iachwe kabisa, kwa sababu ndege mmoja hawezi kupigana na mshindani wa uongo kila Jumamosi.)

Kinachokosekana zaidi ni desturi ya kurudi mahali palepale. Jijini Nairobi matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, yamedumu kwa zaidi ya nusu karne, na waliopitia humo wakiwa vijana baadaye wakawa watafiti na waongozaji. Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi inayopakana na Mkomazi, makundi ya watu wa kujitolea yamekuwa yakikutana tangu mwaka 1969 katika msimu wa uhamaji wa mwisho wa mwaka, kuwanasa kwa nyavu ndege kutoka Ulaya na Asia wanaovutwa na taa katika usiku wa ukungu usio na mwezi, kuwavika pete na kuwaachilia. Ndege waliovikwa pete hapo ni mamia ya maelfu. Hakuna safari moja ya Ngulia ambayo peke yake ingetuambia lolote. Kilichozipa maana ni kufanyika mahali palepale, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka. Wahamaji haohao huingia Mkomazi, na upande wetu wa mpaka kundi la kirafiki lenye daftari lingeweza kuanza kuwafuatilia kwa darubini tu.

Daftari lenyewe lina kanuni ambayo makundi huipuuza. Haitoshi kuandika majina ya ndege walioonekana. Lazima iandikwe walitazama watu wangapi, kwa muda gani, katika njia ipi, kuanzia saa ngapi. Watu ishirini wakiona spishi tisini, na mwaka unaofuata watu sita wakaona hamsini katika uwanda uleule, hakuna ajuaye kama ndege wamepungua au macho yamepungua. Hapo ukubwa wa kundi unarudi tena, safari hii kama suala la ukweli wa kumbukumbu. Kundi la idadi moja, lenye mwandishi mmoja anayekataa kuandika ndege aliyeonwa na mtu mmoja kwa nukta moja, linaweza kupeleka takwimu zake kwenye Tanzania Bird Atlas, kazi ambayo Neil na Liz Baker wameikusanya tangu miaka ya 1980, au kwenye eBird, hazina ya kimataifa ya kumbukumbu za ndege iliyo mtandaoni, na zikatumika. Orodha iliyotungwa ndani ya kosta wakati wa kurudi, kila mtu akitaja alichokumbuka, haifai kupelekwa popote.

Kwa Engikaret ningependekeza safari mbili kwa mwaka zisizoguswa na mabadiliko ya ratiba, moja mwezi Desemba wahamaji wakiwa wameshafika, na nyingine mwezi Agosti majani yakiwa yameisha. Ile ya Desemba haitapata shida ya watu, kwa kuwa ni likizo na uwanda unaweza kuwa wa kijani. Ya Agosti itakuwa na upepo, vumbi na orodha fupi, na wengi watajiondoa wiki ya mwisho. Kwa hiyo usafiri wake ulipiwe mapema, kwa gari dogo, na wanaokwenda wajulikane kwa majina tangu mwanzo wa mwaka.